Bakuli la Siku ya Unyakuo

Wifi yangu Lavonne Stensrud aliachwa na Bwana Yesu mchana kweupe, mbele ya kanisa zima, mwezi wa saba mwaka 1974, na filamu ipo. Msinitazame hivyo. Si mimi niliyesema. Ndivyo walivyosema watu wa mji wetu wa Nordby karibu miaka hamsini, na wengine wamekwenda kaburini wakiwa bado wanacheka.

Siku hizo makanisa yote ya huku kwetu Minnesota yalikuwa yanakodi filamu za Unyakuo. Watu wanajazana ukumbi wa chini wa kanisa, taa zinazimwa, wanaoneshwa waliookoka wakitoweka na wenye dhambi wakibaki kulia barabarani. Halafu mchungaji anasimamisha mashine na kuuliza, "Na wewe je, utabaki?" Nusu ya vijana wanakwenda mbele wakitubu, nusu nyingine wanakwenda kwa sababu wapenzi wao wamekwenda. Mchungaji wetu, Milford Tvedt, Mungu amlaze mahali pema, akaona kukodi kumemchosha. Akasema tutengeneze ya kwetu, tuigize sisi wenyewe, na ataiita *Viti Vitupu*.

Kila mtu alipewa sehemu isipokuwa mimi. Milford aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba uso wangu haufai kwa waliookoka wala kwa waliopotea. Nikapelekwa jikoni kulinda birika la kahawa. Kwa hiyo yaliyotokea pale nje kwenye majani, filamu ilipopigwa, sikuyaona kwa macho yangu, na hilo limeniuma maisha yangu yote.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Watu wamekaa kwenye meza ndefu ya chakula cha kanisa, mabakuli yamepangwa, tarumbeta inalia, wote wanaganda kama barafu. Kamera inazimwa. Waliookoka wanaondoka mbio. Kamera inawashwa tena, na mtazamaji anaona viti vitupu. Hata mtoto wa chekechea angeelewa. Lakini kamera ilishikwa na shemeji yake Milford, muuza matrekta, mtu asiye na subira hata ya kusubiri mayai yachemke, naye akaiwasha mapema.

Filamu iliporudi kutoka Minneapolis ilikosafishwa, Milford akaitazama akashika kichwa. Mwishowe waliookoka wote wametoweka, sawa, lakini pale mezani amesimama Lavonne peke yake, mwalimu wa shule ya Jumapili, kakumbatia bakuli mpaka limefunikwa na mikono, kaachama mdomo. Kupiga upya haikuwezekana. Filamu imekwisha, na chakula tulishakila. Milford akachukua mkasi, akakata alivyoweza kukata, akabandika sauti yake nzito pale juu: "Na mmoja akaachwa."

Sasa kwa nini alirudi mezani wakati wenzake wanakimbia? Lavonne alisema tangu siku ile, na nilimsikia mwenyewe: bakuli lilikuwa linaanguka, nikalidaka. Basi. Lakini nani atamsikiliza Lavonne wakati Mama Mchungaji keshasema? Mama Mchungaji ni Arlene, mkewe Milford, mwanamke mwenye sauti ya kengele na mkono wa chuma jikoni. Arlene alisimama kando ya kahawa yangu akatoa hukumu: "Lavonne hakuweza kuliacha bakuli lake. Tarumbeta imelia, malaika wanasubiri, yeye karudi kuchukua bakuli." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Na waliamini papo hapo, kwa sababu kwetu bakuli si mchezo. Mwanamke wa Nordby anaweza kusahau mkoba wake kanisani. Anaweza kusahau mtoto; imetokea, na mtoto huyo leo ni daktari wa meno. Lakini bakuli lake la kuokea, analoletea chakula kanisani, hasahau. Kila mwanamke pale alijua moyoni kwamba angefanya hivyohivyo, ndiyo maana walicheka sana.

Halafu *Viti Vitupu* ikaanza kutembea. Ikaenda Dakota zote mbili, ikaenda Iowa, ikavuka mpaka hadi Manitoba, Kanada. Siku moja tuko dukani Fargo, mimi na wifi tunachagua soksi, mtoto mdogo akamwona Lavonne akapiga ukelele, "Mama, yule aliyeachwa!" Akalia mpaka akatolewa nje. Mama yake alirudi akampa Lavonne kijikaratasi cha kuokoka. Lavonne alikipokea, akasema asante.

Nyumbani ndiyo usiseme. Kila chakula cha kanisa: "Lavonne, wahi usije ukaachwa!" Tukipanda basi kwenda mkutanoni: "Hebu hakikisheni Lavonne yumo!" Aliyeongoza kwaya hiyo ni Arlene, miaka nenda rudi, hachoki. Lavonne alikuwa anatabasamu lile tabasamu letu la huku, la kufunga meno. Mimi nilikuwa namjibia, na ninapojibia mimi watu huwa wanakumbuka kazi zao majumbani.

Kilichomkata kabisa ni siku ya mazishi ya Gordon. Gordon ni kaka yangu, mumewe. Tumetoka makaburini, baridi ya Februari inauma mpaka kwenye mizizi ya meno, tumeingia ukumbini kula. Lavonne kashika sahani. Arlene yuko nyuma ya meza na upawa wake, mbele yake lile bakuli lake la njano, njano kama kiini cha yai, ambalo limekaa katikati ya meza ile tangu mimi ni bibi arusi. Akampakulia nyama ya kusaga na viazi, akasema, nadhani kwa nia ya kumchangamsha, "Kula, Lavonne, lakini bakuli uniachie."

Watu wawili watatu wakacheka. Lavonne akaiweka sahani chini taratibu, akachukua koti lake akatoka. Tangu siku ile ibada alikuwa anakuja, anakaa benchi la nyuma, na wimbo wa mwisho ukianza anaondoka. Ukumbini hakukanyaga tena.

Aliniambia siku moja tukiwa tunamenya viazi, wala hakuinua macho. "Wifi, sitaki makubwa. Nataka kabla sijafa nikae siku moja ukumbini mule, nile sahani yangu mpaka mwisho bila mtu kunitania. Mara moja tu."

"Nikampige Arlene?" nikamwuliza.

"Hapana, wifi."

"Nimpige kidogo?"

"Menya viazi, Doreen."

Ndipo akaja Profesa.

Winslow Pruitt jina lake, kutoka chuo kimoja cha Indiana, mtu mrefu mwembamba mwenye soksi zilizochorwa safina ya Nuhu. Alifikia kwangu kwa sababu Nordby haina hoteli. Nilimwuliza kazi yake, akaniambia; sikuelewa, nikamwuliza tena. Alikuwa anasomea Ukristo, filamu, na vitu wanavyovipenda Wamarekani wa kawaida.

"Yaani unalipwa mshahara kutazama filamu za kanisa?"

"Na vitu vingine, Mama Doreen," akasema, akafungua buti la gari lake. Alikuwa na kikombe chenye picha ya Yesu anacheza mpira wa magongo kwenye barafu. Alikuwa na sabuni za umbo la mitume kumi na wawili, Yuda bado hajafunguliwa. Aliona malaika wa plastiki niliyembandika kwenye friji, aliyevaa kofia ya timu ya Minnesota, akashika kifua akaomba ruhusa ya kumpiga picha.

"Nimemtoa kwenye mnada wa vitu chakavu," nikamwambia.

"Anaeleza kila kitu!" akasema. Anaeleza nini, hakusema.

Usiku wa kwanza huohuo, kabla hajamaliza supu, akaniambia kilichomleta. Kanisa letu linatimiza miaka mia moja mwezi wa tisa, na mchungaji wa sasa kamwalika kuonesha *Viti Vitupu* na kutoa hotuba. Alikuwa anaandika kitabu, na sura nzima ya kitabu hicho inamhusu wifi yangu. Sura inaitwa "Mwanamke Aliyebaki." Alisema zile sekunde za Lavonne na bakuli ndizo kubwa kuliko zote katika filamu za Kikristo za nchi hii. Alisema hivyo huku machozi yanamlenga, supu inapoa.

Nikampeleka kwa Lavonne kesho yake. Wifi alitandika kitambaa kizuri, akatoa kahawa na mkate laini wa viazi uliopakwa siagi na sukari. Profesa hakugusa chochote. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mama Lavonne," akaanza, "ulikataa mbingu."

"Mimi? Nani kasema?"

"Uso wako unasema! Wenzako wote wameukimbilia wokovu wa haraka, wokovu wa kununua kama soda. Wewe ukabaki na meza. Ukamchagua jirani badala ya mawingu."

"Profesa, nilikuwa nadaka bakuli."

Akafumba macho. "Nilikuwa nadaka bakuli," akarudia polepole, kama mtu anayeonja kitu. "Mungu wangu. Ni zaidi ya nilivyodhani."

"Lilikuwa linaanguka."

"Kila kitu kilikuwa kinaanguka! Mwaka 1974! Rais anaondoka Ikulu, mafuta hakuna, watu hawaaminiani..."

"Mimi sijui habari za Rais. Bakuli lilikuwa la moto. Liliniunguza vidole."

"Liliniunguza," akanong'ona Profesa, na mkono wake ukaruka kuandika.

Nilimvuta wifi jikoni kabla sijapasuka kwa kicheko. "Wewe, kubali! Mtu kakuletea ushujaa mpaka mlangoni. Miaka yote wanakuita mlafi wa bakuli, huyu anataka kukuweka kwenye jalada la kitabu. Mwambie ndiyo, ulikataa mbingu, kwaheri Arlene!"

Lavonne aligeuka akanitazama. "Doreen, sikuikataa mbingu. Naitaka. Nimeitaka tangu nina miaka saba. Gordon yuko huko. Sasa wakinicheka wanasema niliipoteza kwa bakuli. Huyu anakwenda kusimama mbele ya kanisa aseme niliikataa kwa makusudi. Hujaona kwamba hiyo ni mbaya zaidi?"

Sikuwa nimeona. Nilijihisi mjinga, nikamshika mkono.

"Basi tumwambie asiseme."

"Nimemwambia ukweli mara tatu, na kila nikiusema anaufurahia vibaya." Akajifuta macho kwa taulo la vyombo. "Nitakwenda ukumbini siku hiyo. Akimaliza kusema, nitasimama niseme mwenyewe. Wakicheka, wacheke."

Tuliporudi sebuleni Profesa alikuwa ameanza kula mkate wa viazi na ana siagi kwenye nyusi. Akatupa habari ya mwisho, kwa furaha ya mtu anayetoa zawadi. Ile nakala ya kanisa ilikuwa imechakaa. Filamu za rangi za zamani hizo zikizeeka zinageuka waridi zote. Kwenye ile yetu majani yalikuwa waridi, ng'ombe waridi, Milford mwenyewe waridi kama nguruwe aliyeogeshwa. Lakini yeye kaipata filamu mama huko Minneapolis, ndani ya kopo, pamoja na vipande alivyovikata Milford. Kaisafisha yote, karudisha rangi, kaunganisha kila kipande mahali pake.

"Mtaiona kama ilivyokuwa siku ile," akasema.

"Hiyo ndiyo ninayoiogopa," akasema Lavonne.

Jumapili ya sherehe ukumbi ulifurika. Ibada imekwisha, mapazia yameteremshwa, meza ya chakula imepangwa chini ya kitambaa cheupe cha kuoneshea filamu. Tunatazama kwanza, tunakula baadaye; ndivyo alivyopanga Arlene, kwetu bado Mama Mchungaji, ili watu wasiondoke. Alikuwa amesimama pale nyuma ya meza, mzee sasa, mgongo umeinama, lakini upawa ni uleule. Mbele yake, katikati, bakuli la njano.

Nilimwingiza Lavonne nimemshika kiwiko. Alikuwa kavaa gauni lake la buluu na anatembea kama mtu anayeingia maji ya baridi. Arlene akamwona.

"Haya, Lavonne kaja! Leo tusimwache jamani."

Ukumbi mzima ukacheka. Nikamkata Arlene jicho ambalo angelikuwa kijana angelianguka. Lavonne akakaa, akaweka mikono mapajani.

Profesa alitoa hotuba fupi, yaani kwa kipimo cha maprofesa. Halafu taa zikazimwa na *Viti Vitupu* ikaanza, na jamani, tulikuwa wazuri! Majani ya kijani, anga la buluu, Milford na nywele nyekundu kichwa kizima. Watu wakaanza kupiga kelele: yule baba yangu, yule mimi, tazama nilivyokuwa na kiuno! Kwa robo saa hakuna aliyekumbuka kutubu.

Ikafika meza. Tarumbeta ikalia. Wote wakaganda. Picha ikaruka kidogo, pale kamera ilipozimwa na kuwashwa, na hapo ndipo mkasi wa Milford ulipopita zamani. Sasa mkasi haukuwepo. Kile alichokikata Milford, wala hakuwahi kumwambia mtu, tukakiona wote.

Waliookoka walikuwa bado wanakimbia. Wanatoka kama kuku waliofunguliwa banda, wanasukumana, mmoja kapoteza kiatu. Aliyetangulia wote, mbele hata ya mchungaji mwenyewe, ni mwanamke kijana mwenye aproni ya maua, kakunja ngumi, anakata mbuga. Na nyuma yake, pindo la kitambaa cha meza limenasa kwenye mkanda wa aproni yake. Anavyokimbia, kitambaa kinamfuata. Kitambaa kikimfuata, mabakuli yanafuata kitambaa. Na bakuli lililo mbele kabisa, linaloteleza kuelekea ukingoni, ni la njano.

Lavonne alikuwa keshatoka. Nataka mlielewe hilo. Alikuwa pembeni kabisa mwa picha, bega moja limeshapotea, bado hatua moja awe mbinguni na wenzake. Akageuka akaona. Akarudi mbio, akajitupa, akalidaka lile bakuli kwa mikono miwili na tumbo. Mdomo ukaachama, na sasa kila mtu aliona kwamba ule haukuwa mshangao wa mwenye dhambi. Ulikuwa ni moto wa bakuli. Aliunguzwa, na hakuliachia.

Halafu mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kiziwi, "Kwani hilo si la njano?"

Vichwa vyote vikashuka kutoka kwenye picha hadi mezani. Bakuli lilelile lilikuwa pale chini, limefunikwa karatasi ya kuokea, linatoa mvuke.

Profesa wa watu hakuelewa kitu. Alidhani watu wameinamisha vichwa kwa kuvutiwa na filamu. "Ngojeni, nitairudisha!" akasema, akairudisha. Arlene akakimbilia mbinguni mara ya pili. "Mtazameni huyu mwenye aproni," Profesa akaendelea, kashika fimbo ya kuonesha. "Simjui ni nani, na nadhani hayupo tena duniani. Lakini ona anavyokimbia! Hamngoji mume, hamngoji mtoto. Huyu ndiye Mkristo wa haraka ninayemwandika kitabuni: anaiwahi mbingu, nyuma yake anaburuta chakula cha wenzake, wala hana habari. Nitaionesha polepole."

Akaionesha polepole. Aproni ikapepea. Ngumi zikapanda na kushuka. Mungu anisamehe, nilitamani airudie mpaka Krismasi.

"Profesa," ikasema ile sauti ya kengele kutoka nyuma ya meza. "Yatosha. Huyo ni mimi, na sijafa."

Mtu akawasha taa. Profesa alikuwa kageuka rangi zote alizozirudisha kwenye filamu. Fimbo ilimponyoka. Arlene hakumtazama hata kidogo. Alikuwa analitazama bakuli lake, kaliwekea mkono juu kama mtu anayempima mtoto homa.

"Niliporudi nililikuta mezani," akasema. "Zima. Halijamwagika hata tone. Wala sikujiuliza."

Akamgeukia wifi yangu.

"Ulisema, Lavonne," akasema. "Ulisema kwamba lilikuwa linaanguka."

"Nilisema."

"Nami nikasema umerudia lako. Lile la buluu."

"La buluu lilikuwa nyumbani kabatini, Arlene," akasema wifi yangu. "Siku ile nilileta mikate."

Nilimgeukia. Miaka hamsini! Mji mzima umecheka, filamu imefika Kanada, watoto wamelia madukani, na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyewahi kumwuliza siku ile alileta nini. Nilitaka kumkumbatia na kumtikisa kwa wakati mmoja.

Profesa Pruitt alikuwa kakaa chini kwenye jukwaa, miguu inaning'inia, soksi za safina nje. Alionekana kama mtu aliyebomolewa nyumba. Lakini lazima nimpe haki yake, aliuliza swali ambalo angepaswa kuuliza mwanzo, na aliliuliza kwa adabu.

"Mama Lavonne, samahani. Wenzako wote wanakwenda, umebakiza hatua moja. Ulikuwa unafikiri nini?"

Lavonne alisimama. Alikuwa amejiandaa kwa hotuba, nilijua, alikuwa ameirudia nyumbani kwangu wiki nzima mbele ya friji na malaika wangu. Yote ikamtoka kichwani.

"Sikufikiri makubwa," akasema. "Nilifikiri, likivunjika, Arlene atalia. Alipewa na mama yake, na mama yake alikuwa amekufa masika ile."

Arlene akafunika mdomo kwa mkono wenye upawa. Sisi watu wa Nordby hatukumbatiani hadharani, na kulia tunalia garini. Wanaume walitazama viatu vyao. Profesa alitoa karatasi za sura yake mfukoni, akazitazama, akapengea kamasi kwenye ukurasa wa kwanza.

Arlene akachukua sahani. Akafungua bakuli la njano, akapakua nyama ya kusaga, maharage mabichi na vile viazi vidogo vya kukaanga vilivyopangwa juu yake, akapakua tena, akarundika kama anamlisha mkata miti. Akazunguka meza, yeye ambaye hajawahi kutoka nyuma ya meza ile tangu enzi za babu zetu, akatembea na mgongo wake ulioinama mpaka tulipokaa. Akaiweka sahani mbele ya Lavonne.

"Kula," akasema. Halafu, chini chini, hata mimi jirani nilisikia kwa shida: "Nisamehe."

Akavuta kiti akakaa kando yake. Kijana mmoja wa watu akaanza kuinuka kuelekea kwenye chakula. Arlene hakugeuka hata kichwa.

"Keti! Hakuna anayepakua mpaka Lavonne amalize."

Basi tukakaa. Watu mia na zaidi, ibada ndefu imewakausha, mabakuli yanafuka mbele yao, matumbo yananguruma mpaka yanasikika, na hakuna aliyethubutu kuinuka. Tulimtazama Lavonne Stensrud akila. Alikula polepole kama mtu mwenye mchana mzima. Alitafuna kila haragwe. Ninamjua wifi yangu, anakula kama ndege, na najua kwamba ilipofika nusu alikuwa ameshiba pomoni. Aliendelea. Alipangusa mchuzi wa mwisho kwa kipande cha mkate, akakila, akaweka uma.

Tukavuta pumzi. Viti vikaanza kulia.

Lavonne akajifuta mdomo pande zote mbili, akanyoosha sahani.

"Ongeza kidogo, Mama Mchungaji," akasema.